Kazi Hii Haijakamilika Mpaka Mtu Apite

Hotuba iliyotolewa jioni ya kufunguliwa upya kwa uwanja wa umma

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana, na nyinyi watoto mlioanza kukimbia humu ndani kabla utepe haujakatwa: habari za jioni.

Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo sitarudia orodha ya majina. Nimepewa nafasi ya kusema kwa niaba ya kundi lililoshughulikia taa, picha na sauti za uwanja huu, na nimeonywa kwamba giza likishaingia hakuna atakayenisikiliza tena. Onyo hilo nimelipokea kwa furaha.

Nianze na waliovumilia. Mmezunguka mabati, mmekanyaga tope, mmemeza vumbi, na njiani mkawa mnauliza swali la haki kabisa: uwanja ulikuwepo, kwa nini uvunjwe? Ulikuwepo, ni kweli. Ulikuwa mpana na ulikuwa wetu. Lakini tulikuwa tunaukatiza tu tukielekea kwingine. Mchana katikati palikuwa jua tupu, usiku palikuwa giza, na mtu aliyekuwa na miadi na mwenzake alimsubiri pembezoni, mgongo ukiwa ukutani. Ukiona watu wote wanatembea kandokando ya uwanja, ujue katikati pana kasoro.

Wengi wenu mmekuja kuona skrini, na hapo naomba niwavunje moyo kidogo: skrini si habari. Kila mmoja wetu anayo mfukoni, na baadhi yenu mmeishika sasa hivi mkinirekodi. Uwanja ukitaka kushindana na simu kwa picha peke yake utashindwa, kwa sababu simu inajua unachopenda na uwanja haukujui kabisa. Kile ambacho simu haina ni mtu usiyemfahamu, amesimama bega kwa bega nawe, anacheka kitu kilekile kinachokuchekesha. Hicho ndicho tulichokitafuta. Tulijiwekea sharti moja: hapa hakitawekwa chochote kinachojitosheleza bila watu. Picha isiyomhitaji mpita njia tuliiondoa kwenye mpango, hata ilipokuwa nzuri. Na ziliondolewa nzuri, nakuhakikishieni. Wenzangu wengine bado wananinunia.

Sharti hilo hatukulibuni sisi. Tuliangalia wenzetu walivyofanya, na kilichotufundisha zaidi hakikuwa ukubwa wa mitambo yao.

Chukua Times Square ya New York, mahali penye skrini nyingi kuliko karibu popote duniani. Mwaka 2009 jiji lilifunga kipande cha barabara ya Broadway, likazuia magari na kuwaachia waenda kwa miguu. Kabla ya ujenzi wa kudumu, uliobuniwa na kampuni ya Snøhetta, watu waliwekewa viti vya kukunja, vile vya kawaida vya bustanini, katikati ya lami. Wakaketi! Skrini zilikuwepo miaka mingi, na hakuna aliyeketi. Kilichobadilisha mahali pale ni kiti. Halafu, tangu 2012, kuna utaratibu kwamba kila usiku kuanzia saa 5:57 hadi saa 6 kamili, skrini nyingi za matangazo pale zinaonyesha kazi ya msanii. Dakika tatu. Mimi dakika hizo nazipenda na kuzionea huruma kwa wakati mmoja: mchana kutwa ni wa muuzaji, msanii anaitwa watu wakiwa wanakwenda kulala.

Sasa linganisheni na Chicago. Mwaka 2004, katika Millennium Park, ilifunguliwa chemchemi iitwayo Crown Fountain, kazi ya Jaume Plensa, mchongaji kutoka Uhispania. Ni minara miwili ya matofali ya kioo, kila mmoja una kimo cha mita 15 hivi, imetazamana, na kati yake kuna sakafu nyeusi yenye maji ya kina cha kulowesha nyayo tu. Nyuma ya kioo kuna taa za LED zinazoonyesha uso wa mtu. Mtu gani? Mkazi wa Chicago. Zilirekodiwa nyuso za wakazi wapatao 1,000, wazee kwa vijana, rangi zote. Uso unatulia pale juu, unapepesa macho, unatabasamu taratibu; halafu midomo inajikunja, na maji yanaruka kutoka mdomoni. Chini wako watoto wanangoja kwa kelele, maana kila mmoja anataka ndiye amwagiwe.

Naomba tulitafakari jambo hilo kidogo. Zamani sanamu kubwa uwanjani ilikuwa ya jenerali juu ya farasi. Ulisimama chini, ukainua shingo, ukaondoka. Pale Chicago anayeinuliwa juu ni mtu wa kawaida, pengine jirani yako, naye anakutemea maji. Na mtoto anayelowa ni sehemu ya kazi sawasawa na uso ulio juu. Mwondoe mtoto, ubaki na minara miwili inayotema maji peke yake. Hata picha ya kumbukumbu huwezi kuipiga ikapendeza.

Chemchemi hiyohiyo ina kisa kingine ambacho sisi tunaofunga vifaa tunapaswa kukikumbuka kila siku. Mwishoni mwa 2006 ziliwekwa kamera za ulinzi juu ya minara ile. Watu wakaziona, wakalalamika, na kamera zikashushwa upesi. Nyuso zilizokuwa zinawatazama kwa upendo zilikuwa zimegeuka kuwa jicho la upelelezi, na wenyeji hawakukubali. Kwa hiyo niseme wazi kuhusu vifaa mnavyoviona kwenye nguzo zetu. Ni vihisi vya umbali. Vinajua kwamba kuna kitu chenye kimo fulani kimesimama mahali fulani, basi. Havichukui sura, havihifadhi kumbukumbu, na kompyuta inayopokea taarifa zake haijaunganishwa na intaneti. Anayetaka kuhakikisha aje kwenye chumba cha mitambo siku ya Jumamosi, tutamfungulia. Kama siku moja mtaona kifaa kipya kimeongezwa bila maelezo, ulizeni kwa sauti kubwa.

Mfano unaofuata ndio ulioniingiza mimi katika kazi hii. Rotterdam, Uholanzi, kuna uwanja uitwao Schouwburgplein. Uliundwa upya na kampuni ya West 8 katika miaka ya 1990, na una milingoti minne mirefu ya taa, yenye rangi nyekundu, ambayo wananchi waliwezeshwa kuisogeza wenyewe. Mwaka 2001, Rafael Lozano-Hemmer, msanii aliyezaliwa Mexico na anayeishi Kanada, alileta pale kazi iitwayo Body Movies. Alitupa kwenye ukuta mkubwa picha za watu zilizopigwa mitaani, kisha, kwa makusudi, akazifuta kwa taa kali zilizowekwa chini uwanjani. Ukutani hukuona kitu, weupe mtupu. Lakini ukipita mbele ya taa zile, kivuli chako kinaangukia ukutani, na ndani ya kivuli, kwa kuwa pale taa haifiki, inajitokeza picha ya mtu. Ukisogea karibu na taa kivuli kinafika mita 25. Ukirudi nyuma karibu na ukuta kinabaki na kimo chako, mita 2 hivi. Picha zote zikishafunikwa na vivuli, mtambo unabadilisha na kuleta nyingine.

Mnaona alichokifanya? Picha ipo, umeme upo, mitambo yote ya gharama ipo, na bila mpita njia huoni chochote. Na watu wakaanza michezo ambayo hakuna aliyewaelekeza: wengine wakajifanya majitu, wengine wakawashika wageni vichwa kwa vivuli vya vidole. Watu wasiojuana! Ukikaribia kumgusa mtu usiyemjua uwanjani unatafuta ugomvi. Kivuli chako kikimgusa, anageuka kuangalia ni nani, na mnacheka.

Kuna na bembea za Montreal, nazo nitazitaja kwa kifupi. Mwaka 2011 kikundi kiitwacho Daily tous les jours kilitundika bembea 21 kando ya barabara ya mjini. Kila bembea inatoa sauti ya ala ikisukumwa, lakini kuna vipande vya muziki ambavyo havitoki mpaka watu kadhaa wabembee kwa mwendo mmoja. Mtu mzima mwenye begi la ofisi na tai shingoni anajikuta anamsubiri mtoto asiyemjua ili muziki ukamilike.

Basi, cha kwetu ni kipi? Leo usiku mtaona vitu vitatu.

Ukuta huu mrefu nyuma yangu utapokea picha kutoka kwa projekta zilizo kwenye mnara ule. Michoro ni ya watoto, na haitembei mpaka kivuli kiiguse. Mtaniuliza kwa nini hatukuanza mapema. Projekta hutupa mwanga, na giza si mwanga. Rangi nyeusi mtakayoiona ukutani ni giza la ukuta wenyewe, hakuna mtambo unaoweza kuirusha. Jua likiwapo, nyeusi yote inakuwa kijivu na mchoro unakufa. Ndiyo maana tumewaomba majirani wenye taa kali za nje wazielekeze chini, na tunawashukuru waliokubali. Aliyekataa naye tunamshukuru, tutaendelea kumbembeleza.

Sakafu mnayoikanyaga ina mistari ya taa iliyofukiwa kati ya mawe. Inafuata nyayo, polepole. Kulikuwa na shinikizo la kuifanya imetemete kwa kasi kama ukumbi wa dansi. Tulikataa. Miongozo ya kimataifa inashauri kitu kisimweke zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwa sababu kuna watu ambao kifafa chao huamshwa na mwanga wa namna hiyo. Na mimi naongeza sababu yangu binafsi, kwamba uwanja unaomweka muda wote unamfanya mtu atake kwenda nyumbani.

Cha tatu ni mabenchi. Ndani ya baadhi ya mabenchi kuna sauti za watu wakisimulia uwanja huu ulivyokuwa: mahali walipokutana na wachumba, mikutano waliyohudhuria, mvua iliyowahi kujaza maji mpaka magotini. Lakini ukiketi peke yako unasikia nusu ya simulizi. Nusu ya pili inakuja mtu mwingine akiketi upande wa pili wa benchi. Kwa hiyo mtu mgeni akikuomba, "Samahani, naomba uketi hapo kidogo," msimdhanie vibaya. Mbao za benchi zinatetema kufuata sauti, ili ndugu zetu viziwi nao wapate mdundo wake, na mawe yenye mistari ya kuhisi kwa mguu au kwa fimbo yanawaongoza wasioona kutoka kituo cha basi mpaka kwenye benchi la kwanza.

Majirani waliogopa kelele, na hofu yao ilikuwa na msingi. Spika mbili kubwa zingetosha uwanja mzima, na zingemkosesha usingizi kila mwenye dirisha. Tukachukua njia nyingine. Mahali pa wazi, sauti ya spika ndogo hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu. Kwa hiyo tumeweka spika nyingi ndogo, karibu na masikio ya anayesikiliza. Aliyeketi anasikia vizuri, aliye hatua kadhaa mbele anasikia mnong'ono, na aliye kitandani mwake hasikii kitu.

Sasa nisipowaambia habari ya mchana nitakuwa nimewadanganya. Taa hizi zina kazi kwa saa chache. Saa nyingi za maisha ya uwanja ni za mchana, hazina projekta wala muziki, na hapo ndipo wenzangu wa ujenzi na bustani walipofanya kazi ambayo haitapigiwa makofi leo. Miti imewekwa mahali kivuli chake cha alasiri kitaangukia viti. Sakafu ina mteremko mdogo usiouona, maji ya mvua yanakwenda kwenye mitaro badala ya kukusubiri katikati. Na viti vingine havijafungwa chini, vinahamishika. Tulibishana sana kuhusu hilo. Wapo walioapa vitaibwa ndani ya wiki. Nikawakumbusha Bryant Park ya New York. Bustani ile ilikuwa imetekwa na wauza dawa za kulevya, watu wakawa wanaipita mbali. William H. Whyte, mtu aliyetumia miaka akitazama na kurekodi jinsi watu wanavyotumia viwanja, alishauri ifunguliwe ionekane kutoka barabarani na iwekwe viti visivyofungwa. Ilipofunguliwa tena 1992 ilikuwa na viti hivyo, na mpaka leo inavyo. Whyte aligundua kitu cha kuchekesha: mtu akipewa kiti kinachohamishika, hukisogeza kidogo kabla ya kukikalia, hata kama hakuna haja. Anachukua umiliki. Benchi la zege haliwezi kumpa mtu hilo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sehemu inayofuata ni yako, na naiomba isikilizwe kuliko zote.

Mwaka 1988 Nam June Paik, baba wa sanaa ya video, alijenga mnara wa televisheni 1,003 katika jumba la taifa la sanaa huko Gwacheon, Korea Kusini. Idadi hiyo inakumbusha tarehe 3 Oktoba, sikukuu ya kuasisiwa kwa taifa lao. Hakuna kazi yake kubwa kuliko hiyo. Lakini zilikuwa televisheni za zamani zenye mgongo mnene, na viwanda viliacha kuzitengeneza. Zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Mwaka 2018 mnara ukazimwa kwa sababu za usalama, na ulikaa hivyo mpaka ulipowashwa tena 2022 baada ya matengenezo marefu, baadhi ya televisheni zikiwa zimebadilishwa kwa skrini bapa. Hiyo ni kazi ya msanii mashuhuri, ndani ya jumba, chini ya paa, ikiwa na wataalamu wa kuilinda. Yetu iko juani na mvuani, na inakanyagwa.

Taa ya LED ina hila moja: haiungui ghafla kama balbu ya zamani. Inafifia. Watengenezaji wenyewe huihesabu kuwa imechoka mwanga wake unapobaki asilimia 70 ya ule wa mwanzo, na kwa kuwa inashuka kidogokidogo, hakuna anayegundua. Siku moja mgeni anakuja na kusema uwanja wenu umepauka, na nyinyi mnashangaa. Kwa hiyo ombi letu ni fungu la matengenezo linalojulikana, la kila mwaka, lisilohamishwa kwenda kununua kitu kipya cha kuzinduliwa. Mnajua uzinduzi una kamera na mashada. Kubadilisha waya uliooza hakuna anayekuja kupiga picha. Sisi upande wetu tumeacha vipuri stoo, tumeandika maelezo ya programu kwa lugha ambayo fundi mwingine ataielewa, na vijana wa hapa wamefundishwa kufungua na kufunga kila kifaa. Kukiwa na hitilafu hatutaki kusubiri mtaalamu apande ndege.

Limebaki swali la nani atachagua kitakachoonekana kwenye ukuta huu mwaka ujao. Hapa penye wengi pana mengi, na ndivyo inavyotakiwa. Kutakuwa na kamati yenye wakazi, wasanii na walimu, na mapendekezo yatapokelewa kutoka kwa yeyote. Kuna jioni za kucheza na kuna siku nzito. Kule Melbourne, Federation Square ina skrini kubwa tangu ulipofunguliwa 2002, na kwa kawaida watu huangalia mpira. Lakini tarehe 13 Februari 2008 maelfu walijaa pale asubuhi kuangalia moja kwa moja waziri mkuu wa Australia akiomba radhi bungeni kwa watoto wa Waaborijini walionyang'anywa familia zao. Watu walilia wakiwa wameshikana. Walikuwa na televisheni majumbani mwao. Walikuja uwanjani kwa sababu jambo lile halikuwa la kuangaliwa ukiwa peke yako. Ukuta huu uwe tayari kwa siku za namna hiyo pia, na kamati isije ikaujaza ratiba mpaka ukakosa nafasi.

Na matangazo ya biashara? Hapana. Mkataba unasema hapana, nami nimeusoma mara mbili. Wachuuzi wana eneo lao upande wa miti, lina kivuli na maji, wauze kwa amani. Ila ukuta hauuzwi.

Naona fundi wa projekta amenyanyua mkono mara ya pili, maana yake niondoke kwenye mwanga. Walio mbele, sogeeni mpaka mstari mweupe, msiuvuke bado. Wenye watoto mabegani kaeni katikati, vivuli vyenu ndivyo virefu kuliko vyote. Wazee wetu, mabenchi yale mawili ya kushoto ni yenu usiku huu, ketini wawiliwawili. Na Mheshimiwa, utaratibu tuliokubaliana ni kwamba michoro haianzi kutembea mpaka wewe upite wa kwanza, kwa hiyo hotuba yako iweke mfukoni kidogo, shika mkono wa huyo mtoto aliyekaribu nawe, mvuke.